Betri ya Tuulikki

Kila Ijumaa, saa mbili na nusu usiku,
nusu saa kabla duka la pombe la Oulu halijafungwa,
simu hulia:
"Veikko, gari limegoma tena. Njoo na nyaya."

Naenda. Theluji magotini,
pumzi inaganda kwenye ndevu.
Gari linawaka kabla sijafungua boneti.
"Ajabu," asema, akinimiminia kahawa,
wala haitazami mikono yangu inavyotetemeka.

Wiki thelathini na moja
betri hiyo imekufa na kufufuka.
Hajawahi kutamka neno pombe.
Sijawahi kumuuliza.

Leo, saa mbili na nusu, kimya.
Nikatazama saa.
Nikatazama viatu.
Nikazitoa nyaya kabatini, nikapiga mimi:
"Tuulikki, limewaka?"

"Aa," akasema. "Hata kidogo."