Mdogo Wake Klorokwini

Klorokwini namjua tangu Katumba, darasa la nne:
mchungu wa kukunja uso mpaka kesho.
Homa ikishuka, muwasho unapanda,
na mama ananikuna mgongo kwa gunzi la mahindi
usiku kucha, mvua ya Tukuyu ikipiga bati
kana kwamba nayo inawashwa.

Kwa hiyo Dokta Msigwa aliponiandikia mdogo wake
niliirudisha karatasi mezani.
"Sina malaria, dokta. Nina vidole."
Nikamwonyesha: kumi, vimevimba kama ndizi za kuchoma,
vidole vya mchuma chai ambavyo alfajiri
havifungi hata kifungo cha sweta.

Akasema mwili wangu umenigeuka,
mlinzi anampiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi,
na dawa hii, mkongwe wa vita vya malaria,
inajua pia kumshika mlinzi mkono
na kumwambia: taratibu.

Kisha akanipandisha kwenye mzani.
Mimi, niliyepimiwa majani miaka kumi na tisa
na karani asiyeniangalia usoni,
siku hiyo nilipimwa mwenyewe.
Kilo hamsini na mbili. Akaandika.
"Kipimo chako kinatoka hapa, Subilaga.
Si kwa jirani, hata kama ugonjwa ni mmoja."

Kimoja kwa siku, baada ya uji.
Tumbo likiwa tupu kinanikoroga kama kimpumu kichanga.
Mwezi wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya; nikataka kumeza viwili viwili,
mkono ukafika kwenye kopo, ukakumbuka mzani, ukarudi.
Wa tatu, asubuhi moja ya ukungu,
nilifunga kifungo. Cha juu kabisa.
Sikumwambia mtu.
Nikakifungua, nikakifunga tena.

Shemeji Anganile akapanda kutoka Kyela,
mchele begani, meno yanagongana.
"Nasikia unazo za klorokwini. Nimegee."
Shemeji, chumvi nitakupa, blanketi nitakupa,
kidonge hiki hapana.
Vijidudu vya kwenu vilishamzoea kaka yake
kama mbwa anavyomzoea mwizi mwenye mfupa.
Akanuna. Akaniita mchoyo mbele ya watoto.
Nikamkokota zahanati: tone la damu kidoleni,
mistari miwili, malaria.
Akapewa mseto wa siku tatu, aumalize wote,
hata homa ikiaga mapema.
Siku ya nne alikuwa migombani akinikatia mkungu,
na la uchoyo hakulitaja tena.

Kopo nalifungia sandukuni, ufunguo shingoni.
Lugano ana miaka mitatu
na kila cheupe kwake ni peremende;
vichache tu vya hivi vinausimamisha moyo mdogo.
Hapo sina utani.

Na macho. Mwanzoni kabisa, na sasa kila mwaka,
nakwenda Mbeya, hospitali ya rufaa,
kwa kuwa mgeni huyu ni mwema, lakini akikaa sana
anaweza kuchokora nyuma ya jicho bila hodi,
na kilichochokorwa huko hakirudi.
Wananipa kadi ya viboksi, nukta katikati.
Nafumba jicho moja. Mistari imenyooka?
Imenyooka.
La pili. Imenyooka.
Ndaga, nawaambia, na muuguzi kutoka Njombe ananicheka.

Jana nilikuwa juu, shambani, kikapu mgongoni,
nikajipima mwenyewe kwa kiherehere:
nikafumba la kushoto, nikatazama mistari ya chai.
Ilipinda.
Moyo ukashuka hadi kwenye viatu vya mpira.
Nikafumba la kulia. Ilipinda vilevile.
Kisha nikacheka peke yangu, jani mkononi:
chai hii imepandwa kufuata kilima,
haijawahi kunyooka tangu nizaliwe.