Mstari Tumboni mwa Zimwi

Kichwa kilikuwa tayari, na shingo,
na nusu ya tumbo la kijani,
siku Wiesława alipoteleza kwenye barafu
mbele ya duka la mikate, hapa mtaani kwetu Łódź,
akaanguka na mkoba, na mayai, na kifundo cha mkono.
Wa kulia.
Mayai mawili yalipona.

Sasa mkono umelala ndani ya plasta,
mzito kama tofali,
na Jumamosi Kalina anatimiza miaka sita.
Zimwi halina miguu.
"Kaa hapa," mke wangu anasema. "Mimi kichwa, wewe mkono."

Miaka thelathini na moja niliendesha tramu.
Tramu haikuulizi unakwenda wapi, reli zinajua.
Uzi huu hauna reli.
Unapinda utakako, unajificha nyuma ya kidole,
nikipiga chafya unajipiga fundo.

"Ingiza. Vuta. Una vitanzi viwili? Pitisha vyote."
Naingiza. Navuta. Kimoja kinanitoroka.
"Fumua."
"Ni kimoja tu."
"Fumua, Bogumił. Kimoja leo, kesho zimwi lina kibyongo."

Yeye alikuwa kiwandani, kwenye mashine za kusokota,
mpaka kiwanda kikafungwa, kikawa mahali pa kuuzia viatu.
Hutazama dirishani huku kroshia ikienda yenyewe.
Mimi nahesabu kwa sauti, kama nilivyotaja vituo:
kumi na tano, sokoni,
kumi na sita, hospitali,
kumi na saba, makaburini.
"Nani anashuka makaburini?"
"Hakuna. Twende."
Kumi na nane.

Mchoro wa Kalina uko kwenye mlango wa friji:
macho matatu, jino moja,
miguu mitano, na mmoja kaupiga mstari mwekundu.
Tulibishana jioni nzima. Mimi: kaufuta.
Yeye: mtoto hafuti kwa rangi nyekundu.
Tukapiga simu.
"Huo umevunjika," Kalina akasema, kwa subira
anayotumia kwa watu wazima. "Kwani hamwoni?"

Basi miguu mitano.
Wa tano tuliufunga kitambaa
kilichobaki hospitalini.
Tumboni tulijaza soksi zangu kuukuu, zilizokatwakatwa,
na jicho la tatu ni kifungo cha koti langu la kazi,
ambacho nilidai sijui kilipokwenda.

Usiku wa Alhamisi niliamka kunywa maji
nikaona vidole vyake vya kushoto juu ya blanketi:
vinaingiza, vinavuta, vinapitisha,
vinanisahihisha usingizini.

Na ule mstari haukuondoka.
Nililikanda zimwi, nikalivuta, nikalilowesha, nikalianika.
Juu, vitanzi vyake vimebana kama meno.
Chini, vyangu vimelegea kama suruali ya kuazima.
Hata kipofu angepapasa akajua
hapa mtu alitoka, hapa mtu akaingia.

Jumamosi Kalina hakusema asante.
Alilinusa kwanza. Akahesabu miguu.
Kidole kikashuka kutoka kwenye jino, kikafika tumboni, kikasimama.
"Hapa pana nini?"
Wiesława akaanza kupanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.
"Hapo," nikasema, "ndipo bibi yako alipoanguka."
Akafikiri, ulimi nje.
"Na lenyewe lilianguka?"
"Nalo pia."
Akalibana kwapani, kichwa chini miguu juu,
akaenda kudai keki.

Wamelala wote sasa.
Zimwi liko kochini, limesahauliwa, macho wazi yote matatu.
Halinitishi. Linatujua hili,
likitula, litabakiza.

Nazima taa ya jikoni.
Gizani nasikia mtu akipekua kikapu kwa mkono mmoja.
"Uzi umebaki kidogo," anasema.
"Kaa hapa."