Tundu la Msumari

Bi Somoe Nalipa hakunigombeza.
Alivuka uchochoro na sahani ya vitumbua vitatu,
akaiweka juu ya meza ya msumeno, akasema: Kula.
Vilikuwa vimevaa wekundu wa mninga,
unga wangu mwenyewe, wa kabati la mwalimu.
Nikala kimoja. Kikakwaruza meno.
Akavuta kigoda, akakaa:
Bado viwili.

Hapa Mkuti, Masasi, kila seremala ana kikohozi chake,
tunajuana kwacho gizani kama kwa mwendo.
Marehemu Mchopa, aliyenishikisha randa,
akikohoa hujui kama ni mtu au ni msasa.
Tukasema ni baridi ya milimani.
Vitambaa tulivifunga puani siku za wageni,
siku nyingine tukavifutia jasho.

Kwanza nilileta feni, nikaielekeza mlangoni.
Vumbi likahama. Likaenda kwa Ausi wa cherehani,
likalala juu ya shela jeupe la bibi harusi wa Jumamosi.
Hapo nikajua: kufukuza si kukamata.

Kwa mkulima mmoja wa Chiungutwa nilinunua
bomba la salfa la kupulizia mikorosho, injini imekufa.
Mashine iliyozaliwa kutapika vumbi,
nikaifunga mota ya pampu ya kisima,
nikahamishia mpira upande wa kuvutia,
nikaifundisha kumeza.

Ikameza vibaya.
Mpira mita sita, kona nne kali,
na mwishoni pumzi ya mgonjwa.
Nikakata. Mita mbili, kona moja, tena pana,
inayoinama polepole kama mtu mwenye adabu.
Tumbo la meza nikaliziba kwa bati la debe,
nikaacha mdomo mmoja tu, chini ya meno ya msumeno,
vumbi likamatwe palepale linapozaliwa,
halijaota mabawa.
Katikati nikatega pipa lenye mfuniko:
upepo unaingia kwa ubavu, unazunguka, unazunguka,
vumbi zito linachoka, linaanguka,
jepesi linapanda kwenda mfukoni.

Mfuko wa kwanza ulikuwa gunia la korosho.
Nicheke. Gunia huzuia korosho.
Lilifuka kama chetezo.
Ausi, bado ana kinyongo cha shela,
akanishonea mwingine wa marekani nzito, mishono miwili,
akadai bei ya suti.
Nikalipa.

Sasa, kwenye bati la paa langu kuna tundu la msumari.
Saa tatu asubuhi jua hupenya hapo,
fimbo nyeupe kutoka juu hadi sakafuni,
imenyooka hata ungetamani kuitundika koti.
Miaka kumi na moja nimepasua mbao kando yake
nikidhani mwanga ndivyo ulivyo.

Alhamisi ile nilipasua mkongo, mbao tisa.
Nilipoinua macho, fimbo haipo.
Nikadhani kuna mtu kapanda kuziba bati.
Nikatazama chini: shilingi ya jua iko palepale sakafuni,
imetulia,
na kati yake na paa hakuna kitu.

Kumbe ile fimbo haikuwa mwanga.
Ndiyo tuliyokuwa tukivuta,
mimi na Mchopa,
kifua kwa kifua, mwaka kwa mwaka,
yeye akitangulia.

Nikazima mota. Nikakaa juu ya pipa.
Lilikuwa la moto kidogo, na limejaa.

Msasa wa mkono bado unanishinda, sitasema uongo.
Nikisugua, fimbo inarudi, nyembamba, kama uzi,
nami nafunga kitambaa hata pasipo wageni.

Bi Somoe kaja jana na sahani.
Nikakigeuza kitumbua pande zote mbili,
nikakipeleka kwenye jua.
Kula, akasema.
Hayo ni mafuta.