Mgeni Asiye na Harufu

Babu Ginter aliisoma hewa kwa mwali:
taa ya mafuta, wavu wa shaba,
na juu ya ulimi wa moto, kofia ya buluu.
Ikirefuka, aliwaambia wenzake: twendeni.
Hakueleza. Walimfuata.
Zamu nyingine hazikuwa na Ginter.

Mimi nina kioo,
uzi wa kioo mwembamba kama unywele wa mtoto.
Humo napitisha mwanga ambao jicho haliujui,
ule ulio ng'ambo ya wekundu;
na methani ikikutana nao huumega kidogo,
pale pale, kila mara,
kama panya anayejua gunia lake.

Lakini methani ikiwa haba hupita mbali na uzi,
nami naona nini? Mstari mnyoofu.
Mkwaruzo wa mashine.

Ndipo nikauvika uzi vazi la fuwele:
zinki ndiyo nguzo, kaboni ndiyo boriti.
Chovya, suuza, subiri nusu saa, chovya.
Ukuta usiofikia unene wa chembe ya unga,
nao umejaa vyumba, vyumba, vyumba;
gramu moja ikikunjuliwa
ingetandika ua wote wa kanisa la mtaani kwetu.
Gesi inapita, inaona pa kukaa, inakaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Februari, tabaka la ishirini lilipasuka.
Nilitamani vyumba vingi, nikapata magamba.
Profesa Hawranek aliinama kwenye hadubini:
"Dobrawa, umejenga mji, ukasahau kuwa mji hupumua."
Nilimchukia hadi Jumatano.
Nikaanza upya. Matabaka saba, basi.

Machi, saa tatu usiku,
chemba tupu, mitungi imefungwa,
mstari ukazama.
Nikazima, nikawasha. Ukazama tena.
Nikalaumu unyevu, nikalaumu kebo, nikajilaumu,
kisha nikatoka, nikaufuata ukuta
hadi jikoni, mwisho wa korido,
ambako Bi Wiesława, msafishaji wetu,
alikuwa amechemsha chai
asikaze sawasawa kitasa cha jiko.
Hatukunusa kitu; mafua yalitushika sote.
Na ilikuwa kidogo tu, pungufu ya pumzi ya paka.
Tukafungua dirisha, theluji ikaingia.
Tulicheka, tukacheka, mpaka yeye akalia:
mumewe alibaki chini kule,
mwaka ambao nyumbani kwake hautajwi.

Sasa kaka yangu Gerard anakishusha kifaa mgodini,
mita mia nane, ndani ya kopo la chuma
lenye ukubwa wa mkate.
Kabla ya kila zamu nazipasha fuwele moto,
nawatoa wageni wa jana;
nyumba iliyojaa haipokei habari.

"Kinaona kama babu?" aliniuliza, akifunga buti.
Nikasema: bado. Babu hakuogopa unyevu.
Akalitia kopo kwapani hata hivyo.
Lifti ikafunga wavu wake.