Viatu vya Kulia

Muuzaji wa Langoni alivibonyeza kwa kidole gumba: kwi.
Akasema, kimoja ni cha kushoto, mama,
lakini vyote viwili ni vya kulia.
Sikucheka siku ile. Nilikuwa na haraka na mfuko wa unga.

Nimecheka baadaye, mwaka mzima:
kwi-kwi ngazini, kwi-kwi ukumbini,
kisha kimya kifupi,
nami nikajua, Lali, umefika kwenye kopo la sukari.
Kuta za nyumba hii zina unene wa mkono mzima
na bado nilijua ulipo.

Leo umetimiza minne.
Mimi nimo ndani, siku ya kumi na tisa kati ya arobaini,
tumbo limebanwa mkaja, nywele zanuka udi,
na dada yako kaning'ang'ania ziwa
kama mwenye hati ya shamba.
Sherehe yako naifuata kwa masikio.

Keki imetoka Mkomani juu ya punda wa Famau,
punda asiyejua tofauti ya keki na saruji.
Imefika imelalia ubavu,
herufi ya kwanza imeganda kwenye kifuniko cha boksi,
na keki, mbele ya watoto wote wa mtaa, ikasema: ALI.

"Ali ni nani?"

Hata shangazi yako Shufaa, ambaye hajawahi kukosa jibu,
nilimsikia akikosa.

"Ali ndiye huyu mtoto?"

Maana hesabu yako ilikuwa nyepesi:
kitanda kidogo, chake.
Kikoi cha baba, cha kumpanguzia yeye.
Mapaja ya mama usiku, mchana, alfajiri.
Keki nayo ina nini hata ibaki yako?

"Huyu mwana wa kike, hawi Ali," nyanya yako akasema,
kijiko cha kaimati mkononi, nadhani, mafuta yakidondoka.
"Ndoo, mwanangu. Ndoo ukate."

Hukwenda.

Nikageuza shingo na umesimama kando ya kitanda.
Makubazi mapya ya ngozi, kazi ya babako,
yasiyo na neno.
Sikukusikia ukija.
Hapo ndipo paliponiuma, si kwenye mshono.

Kwapani umebana vile viatu vya zamani.
Na ile L iliyopotea, tazama,
iko kidevuni mwako, nyekundu, nusu umeshailamba.

Umevipima kwenye miguu yake.
Nyayo mbili kama tende mbili
zilizosahauliwa kwenye bakuli la wageni.
Umekunja uso.
"Basi avingoje."
Avingoje.
"Mimi nilivingoja?"
Ulivingoja.
"Nililia?"
Ulilia mpaka jirani akagonga ukuta.
Hilo lilikupendeza sana.

Kisha ukabonyeza kimoja, kwa kidole gumba,
vilevile kama muuzaji ambaye hukumwona:
kwi.

Dada yako akaliacha ziwa.
Tangu azaliwe hajaliacha kwa hiari.
Mato yake, kama asemavyo nyanya, mato yale yenye wanja,
yakaelea, yakapita dari, yakapita bega langu,
yakatua karibu nawe. Si juu yako hasa. Karibu.

Kwi, tena.

"Yuwanijua," ukasema,
si kwangu. Kwa viatu, labda.
Ukavipanga miguuni pake,
cha kushoto kulia, cha kulia kushoto,
ukavuta mchago, ukaurudisha palepale,
ukaenda kukata keki ya Ali.

Nikatega sikio.
Mlango. Ukumbi. Ngazi: nilikuwa nakisia tu,
ngozi juu ya sakafu haitoi siri.
Wakapiga makofi. Mtu akaangusha sahani.
Nikakupoteza kabisa, mwanangu, kwa muda wa pumzi tano au sita.

Halafu, kutoka jikoni,
kifuniko cha kopo la sukari.