Kikapu

Miezi minane kikapu kilishuka badala yangu.
Kamba ya buluu, mafundo mawili, noti ya mia chini ya leso,
na Badi wa duka akitia alichotaka yeye:
mikate ya mofa migumu kama kisigino,
nyanya moja nzima, mbili zimepondeka,
salamu, na habari za Kibokoni nusu nusu.
Nami juu navuta.
Katika mwili wangu mzima, mkono ndio uliokuwa ukitembea.

Nilianguka mwezi wa Shaabani, usiku wa manane,
si vitani, si safarini: baina ya kitanda na choo.
Taa niliizima mwenyewe, nikihurumia tokeni.
Birika lilikuwa limevuja kwenye sakafu nyekundu,
ile niliyoisugua miaka arobaini ing'are,
nayo ikang'ara.
Kifundo cha mkono kililia kama kijiti kikavu.
Kisha kimya, na mimi chini, natazama uvungu wa kitanda,
nikaiona pete iliyopotea mwaka wa harusi ya Thureya.

Mfupa uliunga. Woga haukuunga,
wala hauonekani kwenye eksirei.
Ulianza kwa kuninyima ngazi,
ukaninyima baraza, ukaninyima harusi,
ukaninyima matanga ya Khuleita, shoga yangu wa chuoni,
niliyemlilia dirishani jeneza likipita chini.
"Kaa, mama, utaanguka," husema Thureya.
Nikakaa.
Nikakaa hata kukaa kukawa ndiyo kazi yangu.

Ndipo akaja Mghanga, kijana wa mazoezi ya viungo,
Mtaita mrefu, akavua viatu mlangoni.
Mkono hakuuliza. Aliuliza kiti.
"Inuka, bibi, bila kushika."
Nikacheka. Nikajaribu.
Kiti kilining'ang'ania kama mdai.
"Miguu," akasema, "ni wageni wenye haya.
Usipowaita kila siku, huondoka bila kuaga."
Nikamwambia ngazi zangu zina vidato kumi na saba, nyumba za kale hizi.
Akashuka, akahesabu, akapanda.
"Kumi na nane."
Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Sasa asubuhi, maziwa yakiwa motoni,
nasimama mguu mmoja kama korongo,
kidole kimoja mezani kwa tahadhari.
Maziwa yamefurika mara tatu.
Mimi sijaanguka hata mara moja.
Thureya amelikunja busati lenye pembe iliyojikunja,
fundi ametia bomba la kushikia chooni,
malapa yaliyolika nimeyatupa mwenyewe,
nimenunuliwa raba nyeupe, za kitoto, haya zikanishika.
Taa ya ukumbini huwaka hadi alfajiri.
Tokeni na iliwe.

Kiti, mara tano. Kisha kumi.
Siku nyingine nne tu, goti likakataa katakata,
nikalitukana, nikalipaka mafuta ya karafuu, tukapatana.

Jumanne niliteremka.
Ubavu ubavu, kiganja ukutani kwenye chokaa,
bismillahi kila kidato,
hadi cha saba, kirefu kuliko vingine,
ambacho marehemu mume wangu alimlaani fundi wake hadi siku ya mwisho.
Hapo nikasimama.
Mbele siwezi, nyuma siwezi, jasho mgongoni.
Chini walikuwa wakigombana juu ya mkokoteni ulioziba kichochoro;
harufu ya kahawa ikapanda, na tangawizi ndani yake.
Mguu wa kulia ukauliza.
Wa kushoto ukachelewa, kisha ukajibu.

Kumi na nane.
Kizingiti sikuwahi kukihesabu.

Badi alikuwa amekodoa macho juu, dirishani,
mofa mbili za jana tayari mkononi.
"Bi Batuli! Kamba!"

Nikamgusa bega.
"Hizo rudisha," nikamwambia.
"Leo nachagua kwa vidole vyangu."