Pishi Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na nusu, Wete bado inapiga miayo.
Vuai anatia petroli kwa chupa iliyokatwa kitako,
hamwagi hata tone; tone, asema, ni mia.
Faki amejivisha mpira wa maji kama chatu,
nami nimebeba ndoo ya klorini, uso pembeni,
kwani jana ilinitoa machozi mbele ya watoto wa skuli
wakanipa pole ya msiba.

Limbani, kwa Bi Zuwena.
Masika yameivika nyumba kijani mpaka madirishani,
ukoga umeota juu ya ukoga,
na sakafu ya kuanikia karafuu inateleza
hata kuku huivuka kwa adabu.
"Msinitobolee ukuta," ndiyo salamu yake.
Halafu akakumbuka: "Hamjambo, wanangu?"

Kamba ya kwanza, mashine kimya.
Ya pili, yakohoa.
Ya tatu Vuai anaivuta kwa jina la mkwewe
nayo inawaka.

Basi tena, masikio yamekwenda likizo.
Twasemezana kwa nyusi, kwa kofi la mgongo.
Pua ya kijani kwa kuta, nyeupe kwa milango;
ile nyekundu Vuai ameifunga kitambaani, mfukoni,
hiyo hula saruji, ilishakula kiatu changu.
Unapitisha mara moja tu na njia inafunguka,
nyeupe, pana kama kiganja.
Jirani anasimama kushangaa,
kisha anageuka kuutazama ukuta wake,
anaingia ndani.

Uchafu haufi. Unahama.
Umetoka ukutani umekuja shingoni, masikioni,
kwenye muhogo na papa tuliokula tumechutama.

Alasiri, uani, nyuma ya jiko.
Faki ndiye aliyeshika bunduki ya maji.
Chini ya ukoga herufi zikaanza kutoka,
zilichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi:
KOMBO HAMAD. PISHI 14.
Kila akiosha, zikazidi kusomeka.

Faki ni Faki Kombo Hamad.

Akaachia kifyatuo. Mashine ikabaki ikinguruma peke yake
mpaka Vuai akaizima.
Vuai, mwenye methali kwa kila tundu la siku,
ile ya dawa ya deni aliijua;
nikamwona akiimeza, koo likapanda, likashuka.

Bi Zuwena akatoka na ungo wa mchele.
Akausoma ukuta kama asomaye barua ya mtu mwingine.
"Hizo zililipwa," akasema. "Mwaka ule ule. Sikufuta tu."
Huku anachagua chuya, hamwangalii mtu.
Mwaka gani, hatukuuliza.
Faki anajua baba yake aliondoka Pemba usiku gani,
na kwa nini; hilo nalo sikuuliza.
"Zitoeni."
"Hazitoki kwa maji, Bibi," Vuai akasema, "mpaka tutoboe ukuta."
"Kwani nani kakukataza kutoboa?"

Kitambaa kikafunguliwa. Pua nyekundu.
Faki akasimama karibu mno, akakaza meno,
saruji ikaruka kama chenga,
KOMBO akaenda, HAMAD akaenda,
pishi zikaenda, na moja ikaenda,
na ilipobaki 4 peke yake
simtangi likakauka.
Mfereji wa Limbani hutoa maji Jumanne.
Leo Alhamisi.

Jioni tuligawana pesa kwenye bodi la kirikuu.
Faki alizihesabu zake mara mbili,
akasema amesahau kitambaa, akarudi uani, akakawia.
Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa Vuai.
Aliporudi hatukumtazama mikono.

Usiku kikombe cha chai kinacheza mkononi mwangu,
mashine bado imo ndani ya mifupa.
Mke wangu anauliza, mmemaliza kwa Bi Zuwena?
"Imebaki nne."
"Nne nini?"
Nakishika kikombe kwa mikono miwili, nakunywa.